Wanachokagua ni Faili

Kuna njia mbili za kawaida za kuwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada nchini Kenya. Ya kwanza ni kusomea shahada ya ualimu kwa miaka minne. Ya pili ndiyo niliyopita mimi: usome shahada ya kitu kingine, kwangu ilikuwa Kemia, kisha urudi chuoni kwa stashahada ya uzamili ya elimu, ile tunayoiita PGDE, ambayo kwenye karatasi ni ya mwaka mmoja. Ukihitimu unaomba usajili kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, unapewa nambari, na kuanzia siku hiyo sheria inakutambua.

Nafundisha Kemia na Hisabati katika shule ya kutwa kando ya ziwa, magharibi ya mji wa Kisumu. Muhula wa pili ukianza huletewa walimu wa TP, hawa wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha, na kwa kuwa nasimamia idara ya sayansi, hukabidhiwa niwalee. Wengi wanatoka kwenye shahada ya ualimu. Yule wa PGDE namtambua asubuhi ya kwanza. Ana umri kidogo, pengine ana mtoto nyumbani, ameshawahi kufanya kazi benki au kliniki au kwenye duka la simu pale Kondele. Somo lake halimtishi. Kinachomtisha ni watoto.

Nitasema ninayoyaona huku ndani, maana mzazi anayesoma ratiba ya mwanawe na kukuta jina la mwalimu mpya hana njia ya kuyaona.

Kozi yenyewe haina upungufu wa maneno. Saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, historia ya elimu, sosholojia, mtaala, upimaji, halafu mbinu za kufundisha masomo yako mawili. Niliisoma kwa mpango wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa. Ukumbi ulijaa watu ambao tayari walikuwa wakifundisha. Walikuwa walimu wa bodi, yaani wale wanaoajiriwa na bodi ya usimamizi wa shule na kulipwa kwa fedha za wazazi, na baadhi yao walikuwa wameshika chaki miaka mingi kuliko mhadhiri aliyesimama mbele yetu. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa. Shule nyingi za huku zingekwama kabla ya saa nne asubuhi bila hao wasiosajiliwa. Kila mtu analijua hilo, na kila mtu amezoea.

Kwa hiyo tulikuja kutafuta nambari. Nasema bila kuona haya. Mwalimu wa bodi hulipwa shule ikipata. Mshahara wangu ulikuwa elfu kumi na mbili, na karo zikichelewa nilipewa nusu na ahadi. Karo ya PGDE ilizidi laki moja. Mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja aliuza ng'ombe wawili na kukopa kwenye chama, na bado siku za mtihani alizuiwa mlangoni mpaka mume wake alipotuma salio kwa M-Pesa.

Sehemu ya kozi iliyopaswa kuwa ya mikono ilianza kwa kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Unasimama mbele ya wenzako dakika kumi, wao wanajifanya kidato cha kwanza, mhadhiri anaandika. Nakumbuka mwanamume wa makamo, mwalimu wa Fizikia mwenye upara, akiinua mkono kwa adabu na kuniuliza, "Madam, atomu ni nini?" Tulicheka sana. Nilipata alama nzuri. Mtoto halisi wa kidato cha kwanza hainui mkono kuuliza atomu ni nini. Anakutazama tu, ananakili ubaoni neno kwa neno, na ukimwuliza kama ameelewa anasema ndiyo.

Baada ya hapo ni TP, muhula mmoja. Uingereza, mtu anayesomea cheti chao cha uzamili cha ualimu hutakiwa kukaa shuleni angalau siku 120, na katika shule zisizopungua mbili. Sisi muhula wetu wa pili ni wiki kumi na nne hivi. Toa wiki ya kwanza ambayo wanafunzi wanatumwa nyumbani kuleta karo, toa likizo fupi ya katikati, toa michezo, toa wiki ya mitihani. Mwaka 2024 hata hizo hatukuzipata, kwa sababu ya mafuriko. Shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29, zikasogezwa hadi Mei 6, zikasimamishwa tena, hatimaye zikafunguliwa Mei 13. Huko Nyando na Nyakach kuna madarasa yaliyokuwa yamelaza familia zilizohama maji. Walimu wa TP walifika na karatasi zao za chuo zilizosema watakuwa wamefundisha mada fulani ifikapo wiki ya tatu, na ilipofika wiki ya tatu, wakaulizwa mbona hawajazifundisha.

Wale wa PGDE wa mpango wa likizo wana jambo lao jingine. Wengi hufanyia TP katika shule ileile wanayofundisha kwa bodi. Mimi pia nilifanya hivyo. Darasa ni lilelile, ratiba ileile, makosa yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba nilianza kuwa na faili.

Hapa ndipo penyewe. Faili la mwalimu wa TP lina azimio la kazi la muhula mzima, andalio la kila kipindi, nukuu za somo, rekodi ya kazi, orodha ya mahudhurio, na rekodi ya maendeleo ya wanafunzi. Andalio linataka ueleze malengo, hatua, dakika za kila hatua, shughuli ya mwalimu, shughuli ya mwanafunzi, vifaa, na mwishoni maoni yako kuhusu jinsi somo lilivyokwenda. Ni chombo kizuri. Mtu akikiandika kwa kweli, kinamlazimisha kufikiri kabla ya kuingia darasani. Lakini mwenye vipindi ishirini na kitu kwa wiki hawezi kuandika maandalio ishirini na kitu kwa kweli. Kwa hiyo anakwenda saiba. Pale mjini kuna saiba ambapo azimio la kazi la somo lolote, la kidato chochote, linachapishwa ukingoja. Unabadilisha jina la shule na tarehe, basi. Siku hizi hata saiba si lazima, linatumwa kwa WhatsApp. Nimeshika faili la kijana aliyefundisha kwetu ambalo ukurasa wa tatu ulitaja shule moja ya Nyeri.

Yale maoni ya mwishoni nayo huandikwa jioni moja, ya wiki nzima: "Somo lilifaulu, malengo yalifikiwa." Katika miaka yangu yote ya kulea nimekutana na mmoja tu aliyeandika, "Sikueleweka. Nitarudia." Mkaguzi kutoka chuoni alimkata alama. Alimwambia malengo yanapaswa kufikiwa.

Sasa mtu atauliza, hao wana vipindi ishirini na kitu kwa nini, kama wamekuja kujifunza? Kwa sababu shule inawangojea kama shamba linavyongoja mvua. Mwalimu wa TP halipwi. Kabla hajatia mguu, naibu wa mwalimu mkuu ameshapanga: vipindi vya mwalimu wa bodi aliyeondoka Machi, vipindi vya mwalimu aliye kwenye likizo ya uzazi, na vichache vya wale wanaofundisha kidato cha nne ili wapate nafasi ya masomo ya ziada. Mimi mlezi ningepaswa kukaa nyuma ya darasa lake. Kipindi chake kikiwa cha tatu, mimi niko upande wa pili wa uwanja nafundisha Hisabati. Tunaonana saa nne wakati wa chai, na chai yenyewe ni ya dakika ishirini. Namwuliza, "Vipi, Mwalimu?" Ananijibu, "Salama, Madam." Huo ndio ulezi.

Simlaumu naibu. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, maana mbadala ni watoto sitini kukaa na kitabu kimoja kwa watatu, bila mtu mbele.

Kuna mzee jirani yetu kijijini, jaduong' mmoja mstaafu, aliyesomea ualimu Siriba zamani, kabla chuo hicho hakijaunganishwa mwaka 1990 na taasisi ya mafunzo ya serikali iliyokuwa jirani yake na kuwa Chuo Kikuu cha Maseno, kwanza chini ya Moi, kisha chenyewe kuanzia 2001. Ananiambia mkufunzi wake alikuwa akiingia darasani bila taarifa, anakaa mpaka kengele, na kesho yake anarudi kuona kama umerekebisha. Sijui wazee wanapamba kiasi gani. Ninachojua ni kwamba kurudi kesho yake ndiko ambako sijawahi kukuona.

Mkaguzi wa siku hizi hupiga simu. Niko Holo, nitakuwa hapo saa tano. Hapo unaona mambo. Mwalimu wa TP anakimbia kwa mwenye ratiba, wanabadilishana vipindi ili saa tano awe na darasa lake bora. Anafundisha somo alilolifundisha juzi. Watoto wanajua kabisa. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili alijibu swali kabla halijamalizika, na jibu likawa la swali lililokuwa linafuata. Darasa likaangua kicheko, mkaguzi akaandika, "Wanafunzi wamechangamka."

Mkaguzi mwenyewe si mtu mbaya. Nimeongea nao sana wakisubiri bodaboda. Ana shule nne za kuzungukia siku hiyo, kutoka barabara ya Bondo hadi ndani kabisa ufukweni ambako matatu haifiki, posho yake haijatoka, na kuna madarasa yanamngoja chuoni. Anakaa dakika ishirini, anatazama ubao, kisha analifungua faili, na faili ndilo analoweza kulitilia alama kwa uhakika. Karatasi ipo au haipo. Imetiwa sahihi au haijatiwa. Kwa darasa angehitaji kukaa, kuja tena, kuuliza watoto. Masomo ya maabara ndiyo yanayoepukwa zaidi, kwa kuwa ni vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika themanini, na hana dakika themanini.

Na Kemia ni maabara. Miaka michache iliyopita niliwahi kupewa kijana wa PGDE mwenye shahada ya biokemia. Hodari, angeweza kukueleza kila hatua ya kinachotokea sukari ikiingia kwenye seli. Nikampa kidato cha tatu wafanye upimaji wa asidi na besi, lile zoezi la bureti na pipeti ambalo kwenye karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, halikosi sana. Chuoni kila mwanafunzi alikuwa na bureti yake, maji yaliyotoneshwa, na fundi wa maabara aliyekwisha kuandaa kila kitu. Kwetu kulikuwa na bureti nne, moja inavuja, watoto zaidi ya sitini, maji ya tangi la mvua, na mizani iliyoacha kusema kweli zamani. Fundi hatuna.

Alijua kwa kichwa kwamba gramu 4 za sodiamu haidroksaidi katika lita moja zinakupa myeyusho wa 0.1. Hakuwahi kutayarisha lita sita kwa ajili ya watu sitini, akajua watamwaga kiasi gani, watarudia mara ngapi, nani atalamba kidole. Nusu ya kipindi ilipotea wakipangwa. Watano waliona bureti, waliobaki wakaona migongo ya hao watano. Mwishoni aliwapa majibu ubaoni wayanakili, na kwenye andalio akaandika kwamba malengo yalifikiwa.

Jumamosi nilimwonyesha tunavyofanya. Mabomba ya sindano ya mililita 10 kutoka duka la dawa pale stendi, kila wawili bomba moja, kwenye chupa ndogo. Vipimo si sahihi sana, lakini kila mtoto anaiona rangi ikigeuka kwa mkono wake mwenyewe, na ile bureti wanaizoea kwa zamu wiki mbili kabla ya mtihani. Hakuna kitabu cha mbinu kilichonifundisha hilo. Nililipata kwa mwalimu mwenzangu wa bodi, mama mmoja asiye na shahada wala nambari.

Kisha kuna mambo ya ziwa, ambayo sijawahi kuyaona kwenye mtihani wowote wa saikolojia ya elimu. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, sasa taa za sola, na samaki wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazifui dafu, mashua zinabaki ufukweni. Kwa hiyo wiki za giza wavulana wangu wa kidato cha tatu wako majini, wanakuja asubuhi wamevimba macho wakiwa na mia tatu mfukoni, na wasichana wameamka saa kumi kusaidia mama zao kuanika. Mambo ya jaboya, ile biashara ya samaki kwa mwili, leo siyaingilii. Yanataka karatasi yake.

Mwalimu wa TP anaona darasa zima limelala. Anaandika kwamba wanafunzi hawana nidhamu. Mwingine anapiga kelele. Mmoja, binti mpole sana, alilia chooni akidhani ni yeye. Nilimpeleka kwenye dawati langu nikamwonyesha kalenda yenye alama za mwezi. Mitihani ya majaribio naipanga wiki za mbalamwezi. Mada ngumu, mole na kadhalika, mbalamwezi pia. Wiki za giza ni marudio, mazoezi mafupi, kazi ya makundi, na asiyejiweza simwamshi. Akaanza kufanya hivyo, darasa likatulia. Mkaguzi alipokuja akakuta azimio la kazi linasema mada moja na ubao unasema nyingine. Akapoteza alama kwa kutofuata azimio. Binti alitaka kumweleza habari za mwezi. Nilimkanyaga mguu.

Ijumaa pia. Ijumaa ya huku ina matanga, na matanga yana disko usiku kucha, hata serikali ikipiga marufuku. Usipange kitu cha maana Ijumaa alasiri. Hayo nayo hayamo kwenye faili.

Tuseme umemaliza, faili limepita, umevaa joho. Sasa njoo kwenye usajili. TSC inataka uwe na C+ ya jumla kwenye KCSE, na C+ katika kila somo kati ya yale mawili utakayofundisha, na shahada yako ya kwanza iwe na vitengo vya kutosha katika masomo hayo. Masharti haya yameandikwa, si siri. Lakini chuo kinachopokea karo sicho kinachotoa nambari, na dirisha la karo haliulizi mengi.

Yule mwenzangu wa ng'ombe wawili alikuwa na shahada ya uchumi. Kozi aliisomea katika Biashara na Hisabati. Alifaulu mitihani yote, TP alipata alama kuliko mimi. Hisabati ya KCSE, miaka zaidi ya kumi nyuma, alikuwa na C bila alama ya kuongeza. Hakuna aliyemwambia siku ya kujisajili chuoni, na fomu yake iliyokuwa na nakala ya cheti hicho ilipita mezani kwa watu kadhaa, kila mmoja akagonga muhuri. Leo anafundisha Hisabati kwa bodi, darasa lake linaongoza eneo letu mara kwa mara, na kwa mujibu wa kumbukumbu hayupo.

Basi wewe unayefikiria njia hii, kabla hujatoa hata senti ya fomu, chukua karatasi ya KCSE uiweke mezani. Chukua na orodha ya masomo uliyoyafanya chuoni. Yasipokutana mahali pawili, acha. Wenye shahada za biokemia, takwimu, uchumi, jiografia, hawa mara nyingi wanapata pa kupenya. Wenye shahada za maendeleo ya jamii na uhusiano mwema huwa wanafika kwangu wakiuliza kama kuna somo lolote linalofanana na hayo, na sina la kuwapa.

Ukisajiliwa, foleni. Ajira inapotangazwa, alama nyingi hutokana na mwaka uliohitimu ualimu, na kwa mtu wa PGDE mwaka huo ni wa stashahada. Miaka ya shahada ya kwanza na ile ya kufundisha kwa bodi haikusogezi ulivyotarajia. Halafu kuna unagenzi, ambao Tume ilianzisha mwaka 2019. Watu waliokwisha kuhitimu na kusajiliwa walifundisha sekondari msingi kwa 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mwaka 2024 Mahakama ya Ajira ikasema kuwaajiri waliohitimu kama wanagenzi ni kinyume cha sheria, wakagoma, madarasa yakakaa wazi. Katika muhula huohuo wa mafuriko sisi tulikuwa na walimu wa TP wakifundisha bure, huku wanagenzi wa shule jirani wakiandamana mjini kudai ajira. Vijana wangu walikuwa wakizitazama video hizo kwenye simu chumba cha walimu. Mmoja aliniuliza, "Madam, hii ndiyo tunayoiendea?" Nikamwambia anywe chai, kengele imelia.

Mwaka 2021 Tume, ikiongozwa na Nancy Macharia, ilitoa pendekezo kwamba shahada ya ualimu iondolewe kabisa, kila anayetaka kufundisha sekondari asome kwanza shahada ya somo, kisha mwaka mmoja wa PGDE. Vyuo vikuu vilipinga, vyama vikapinga, na shahada ya ualimu bado ipo. Nilishangaa kidogo kujikuta naunga mkono nusu ya pendekezo lile. Watu wa njia yangu wanalijua somo. Kijana wa biokemia, ukimwondolea woga, hawezi kukwama mtoto akimwuliza swali lililo nje ya kitabu, na wa shahada ya ualimu nimewaona wakikwama. Nusu iliyonitia hofu ni ule mwaka mmoja. Ungeubebesha nchi nzima, na nimeueleza ulivyo.

Na sasa kazi imeongezeka. Tangu Januari 2026 tuna Gredi ya 10 ya mtaala mpya, wakati huohuo tuna kidato cha tatu na cha nne wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao wa mwisho wao watafanya KCSE mwaka 2027. Anayefundisha pande zote mbili anahitaji mafaili ya aina mbili, yenye vichwa tofauti, na upimaji tofauti. Saiba wameshaanza kuuza ya Gredi ya 10.

Chuo kila mwaka hunitumia fomu ya mwalimu mlezi. Ina jina la mwanafunzi, mahudhurio, mavazi, ushirikiano na walimu wengine, na mstari mmoja wa maoni. Alama zangu hazihesabiwi kwenye matokeo. Wakati mmoja niliandika kurasa mbili kuhusu kijana wa bureti, jinsi alivyoanza na alivyokuwa mwishoni, nikazibana kwa stepla nyuma ya fomu. Alipokuja kuaga aliniambia kule ofisini waliitoa ile stepla kwa sababu fomu hazilingani kwenye faili.

Tunategemea watatu muhula ujao. Wawili ni wa shahada ya ualimu, wa tatu ni wa PGDE, Kilimo na Biolojia, mama wa watoto wawili aliyewahi kuwa afisa wa mifugo. Nilimpigia simu nikamwambia aje wiki ya kwanza akae tu nyuma ya madarasa, atazame, asifundishe. Akafurahi sana. Jana nimepita kwenye ubao wa ratiba. Mwalimu wetu wa Kilimo amestaafu, na naibu ameshamwandikia huyo mama vipindi vyote vya Kilimo, kuanzia Jumatatu saa mbili.